Mkono wa Pili

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari mitano tu. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene, Mtindo wangu binafsi wa uongozi ni, halafu nukta, halafu hiyo mistari. Mwanangu aliiweka juu ya meza ya jikoni, akaikandamiza kwa kikombe isipeperuke, akaitazama kama mtu aliyefika chini ya ngazi ndefu na kuambiwa lifti ni mbovu.

"Mama mkubwa," akasema, "mimi ni kiongozi wa namna gani?"

"Wa namna ya kulala na viatu," nikamjibu. "Vua kwanza."

Nasema mwanangu, ila aliyemzaa ni marehemu mdogo wangu. Nyumbani mimi ni Mama mkubwa, yeye ni mtoto, na vikombe anaosha. Kazini, ambako wote huniita Bibi, mambo yalikuwa yamegeuka. Sote wawili ni madobi wa hospitali, na Msimamizi wetu wa zamani alipostaafu, Katibu wa hospitali alimpa mwanangu funguo akaimu miezi mitatu. Mwisho wa miezi hiyo ataitwa ofisini na karatasi yake. Ikimpendeza Katibu, atathibitishwa. Isipompendeza, ataletwa mtu kutoka ofisini, naye atarudi kwenye mashine.

Hapo kwenye kurudi ndipo palipokuwa na shida. Miaka kumi na moja ya kuinua mashuka yaliyolowa ilikuwa imeula mgongo wake. Daktari alimwambia wazi: kukaa unaweza, kusimama kidogo unaweza, kuinua nguo mbichi basi. Mtu wa mashine asiyeinua nguo mbichi ni sawa na mpishi asiyegusa moto. Kwa hiyo kile kiti cha Msimamizi, chenye mto uliopasuka, ndani ya kijumba chake cha vioo, ndicho kilichobaki kati yake na kwenda nyumbani.

Wakampeleka semina siku tatu. Akarudi na faili, kalamu ya bure ya bluu iliyoandikwa Ongoza kwa Maono, na uchovu wa kusikiliza. Jioni akanisomea. Nadharia ya kwanza inasema kiongozi anazaliwa nao uongozi. Nikamwambia mimi nilikuwepo siku alipozaliwa, nilimshika mama yake mkono, na mtoto alitoka analia kama wengine. Akageuza ukurasa. Nyingine inasema uongozi ni tabia, mtu hujifunza. Nyingine inasema hakuna mtindo mmoja, ni kuangalia hali na watu ulio nao.

"Na watu nilio nao ni nyinyi," akasema, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Basi akaamua kujaribu mitindo yote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejaribu viatu dukani.

Dobini kwetu ni chumba kirefu nyuma ya jengo, ukuta unatoka jasho mwaka mzima. Mashine ni tatu. Mbili zinafua. Ya tatu tunaiita Mwenyekiti, kwa sababu imekaa mbele, inanguruma ikiguswa, na haijafua hata soksi kwa miaka minne. Sisi wafanyakazi tulikuwa sita, wote wanawake, wote miguu imevimba.

Alianza na uongozi wa amri.

"Kuanzia leo," akasema asubuhi ya Jumatatu, "hakuna mtu kuondoka mahali pake bila ruhusa yangu."

Tukatii. Hakuna kinachomchosha bosi kama kutiiwa sawasawa. Saa nne povu la mashine ya pili likaanza kumwagika, nasi tumesimama kila mmoja mahali pake, mikono juu kama watoto wa shule, tukisubiri ruhusa ya kwenda kuizima. Yeye alikuwa stoo. Aliporudi maji yalikuwa yamefika mlangoni.

"Mbona hamkuizima?"

"Hukuwa umeruhusu, Msimamizi," nikamwambia.

 Alichukua kifagio cha maji akaanza kusukuma, na kila akisukuma alishika kiuno. Jioni hakula.

Baada ya hapo akaja na uongozi shirikishi. Kila jambo liamuliwe na wote. Jambo la kwanza likawa nani aende kuchukua mafurushi ya chumba cha upasuaji, kazi isiyopendwa na mtu yeyote mwenye pua. Akaleta boksi la viatu, akalitoboa juu, tukapiga kura ya siri. Kura zikasomwa: majina sita, kila jina kura moja. Kila mtu alikuwa amempigia aliyesimama kushoto kwake. Aliyetupanga hivyo hajulikani mpaka leo, ingawa wakati wa kumtafuta mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwenda kunywa chai.

Tulicheka, ndiyo. Kisha mwanangu akaenda mwenyewe kuyachukua yale mafurushi, na siku mbili zilizofuata alilala chini sakafuni nyumbani, miguu juu ya kiti, akitazama dari. Nilimpaka dawa mgongoni. Hakuniuliza nani alipanga kura. Ningependelea aulize.

Uongozi wa kuwaachia watu uhuru ulidumu siku nne. Nitasema tu kwamba taulo zikitoka kwenye kikaushio zina joto zuri sana, na kwamba metroni akija mwenyewe kuuliza mashuka yako wapi, ni vizuri mtu awe ameshaamka.

Wa mwisho ulikuwa ule wa mageuzi. Kiongozi anaona mbali, anawaonyesha watu kule anakokuona, nao wanakimbia. Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: Nguo safi, kwa wakati, kila siku. Mvuke ukaanza kuyachuruzisha maneno siku hiyo hiyo. Halafu akazunguka na daftari, akitafuta mahali tunapopoteza muda, akafika kwenye meza yetu.

Hapa lazima nieleze kazi ya mezani. Makoti ya madaktari hayaingii mashine hivi hivi. Kuna kalamu humo, sindano, vidonge, pipi, barua ambazo mke asizione. Kwa hiyo kila koti linapita mikono miwili. Wa kwanza anapapasa mifuko yote, anatoa kilichomo anatia kwenye kopo, kisha anasema kwa sauti, "Tupu." Analisukuma upande wa pili. Wa pili anapapasa upya kama vile hakuna aliyepapasa, naye anasema, "Tupu." Ndipo linaingia. Ulikuwa utaratibu wetu tangu siku ya kwanza nilipoingia pale, miaka ishirini na sita iliyopita.

Mkono wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mwenzangu tuliyempa jina la Chiriku, kwa sababu haongei. Kwa siku nzima unaweza kumsikia anasema neno moja tu, na neno lenyewe ni tupu.

"Mbona koti moja linashikwa na watu wawili?" mwanangu akauliza.

"Ndivyo ilivyo, Msimamizi."

"Wa kwanza akifanya kazi yake vizuri, wa pili anatafuta nini?"

Chiriku alinitazama. Mimi nikatazama koti.

"Kuna upungufu kwenye kukunja," mwanangu akasema. "Chiriku ahamie huko. Bibi anatosha. Hakuna mtu hapa mwenye uzoefu kama Bibi."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema kwamba vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi miaka miwili iliyopita, kwanza vidogo, kisha vyote. Kwamba napapasa kwa desturi tu, kama mtu anayeitikia wimbo ambao hausikii. Kwamba mara nyingi nimesema tupu, halafu nikasikia kitu kinalia ndani ya kopo upande wa Chiriku, kisha sauti yake ile ile kavu, tupu, bila kuniinulia hata jicho. Lakini alikuwa amenisifu mbele ya watu, na nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu. Nikajikaza kisabuni.

"Ahsante, Msimamizi," nikasema.

Siku tisa nilibahatisha. Nilikuwa nakung'uta makoti, nayapiga mezani, nayabonyeza kwa kiwiko. Siku ya kumi, Alhamisi, mashine ya kwanza ilifunguliwa na makoti thelathini na manane yakatoka na mabaka ya bluu, kila moja na ramani yake. Chini kabisa ilikuwepo kalamu, mdomo wazi. Ubavuni iliandikwa Ongoza kwa Maono. Kumbe na madaktari walipelekwa semina ile ile.

Tuliyarudisha mara mbili. Bluu ikawa bluu mpauko. Katibu akashuka mwenyewe, mtu mfupi mwenye macho ya asiyelala vizuri, akasimama mbele ya mashine.

"Kesho saa tatu," akamwambia mwanangu. "Nataka ripoti, na ndani yake nataka jina. Na ile karatasi yako ya mtindo lete pia, kesho ndiyo siku yake."

Alipotoka, mama wa pasi akasema bila kuinua kichwa, "Taja mtu upone, mwanangu. Kila mtu anajua mezani alikuwa nani."

Jioni ile mwanangu alikaa jikoni na karatasi mbili, ya ripoti na ya mtindo, zote nyeupe. Chai yake ilikuwa inapoa. Aliikoroga na kile kijiko chetu chenye mpini uliopinda, akakoroga mpaka nikadhani anataka kutoboa kikombe.

"Niandike," nikamwambia. "Mimi nina miezi saba, wewe una miaka. Andika Bibi alisinzia. Watu wataamini."

"Ulisinzia?"

"Hilo mwachie Katibu."

"Mama mkubwa, toa mkono. Fumba macho."

"Unanivisha pete?"

"Fumba."

Nikafumba, kiganja juu, vidole vimenyooka. Nikasubiri. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sinki, tone baada ya tone.

"Haya, weka basi," nikasema.

"Nimeshaweka."

Nikafumbua macho. Ile kalamu yake ya semina ilikuwa imelala juu ya vidole vyangu vinne, imetulia kabisa, kama imefika kwao.

Nikageuza kiganja, ikaanguka mezani. 

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka miwili."

"Chiriku anajua?"

"Chiriku hajawahi kuniambia kitu."

"Sijauliza kama alisema. Nimeuliza kama anajua."

"Anajua."

Akaegemea ukuta, akafumba macho. Sikutegemea kelele, na hazikuja. Alikuwa amechoka mno hata kunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

"Nilisimama pale mbele yako," akasema polepole. "Nikamwondoa mkono wa pili. Ukaniambia ahsante."

"Ulikuwa umenisifu."

"Mama mkubwa."

"Ndiyo hivyo tu. Ulinisifu, nikaona aibu kukurudishia sifa yako."

"Nimeandika ukuta mzima kwa rangi. Nimepiga kura, nimetoa amri, nimefanya kila kitu kwenye lile faili. Na mtu ninayelala naye nyumba moja hakuniambia neno moja."

"Hukuuliza."

"Nilihesabu mikono," akasema. "Kuuliza sikuuliza, ni kweli."

Akavuta karatasi ya ripoti. Aliandika muda mrefu, na mimi sikusogea kusoma, ingawa shingo yangu ilitaka. Ile ya mtindo alikuwa bado hajaigusa nilipokwenda kulala.

Ijumaa saa tatu tuliingia watatu, mwanangu, mimi na Chiriku, ambaye hakuitwa. Alikuja tu nyuma yetu, akafunga mlango. Feni ilikuwa inazunguka bila kuleta upepo. Katibu aliichukua ripoti akaisoma kwa sauti, labda kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika sikio moja na alikuwa anaishikilia.

"Aliyeondoa mkono wa pili mezani ni mimi," akasoma. "Niliuondoa bila kuwauliza wenye meza ulikuwa unafanya kazi gani. Aliyebaki mezani peke yake ni mama yangu mkubwa. Vidole vyake havina hisia. Alificha. Nimemtoa mezani kuanzia leo."

Neno alificha lilinipata kwenye mbavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa alisinzia, hilo nililichagua mwenyewe. Alificha lilikuwa la kweli, na sikuwa na pa kulishikia.

"Ni mama yako mkubwa," Katibu akasema, "na umemwandika."

"Ndiye aliyekuwa mezani, mheshimiwa. Na mimi nimejiandika juu yake."

Katibu akanigeukia. "Bibi, umebakiza muda gani?"

"Miezi saba, mheshimiwa."

"Kukunja mashuka utaweza?"

"Shuka halina mfuko, mheshimiwa."

Nadhani alitaka kucheka akakosa nguvu. Hapo Chiriku akakohoa.

"Nilijua," akasema. "Miaka miwili."

Katibu akamtazama kama aliyesikia kabati likiongea. "Na wewe nani?"

"Mkono wa pili."

  Alikuwa amemaliza maneno ya wiki.

Katibu akaiweka ripoti pembeni, akavuta karatasi nyingine, akaigeuza mbele na nyuma. "Hii hujaandika kitu. Mistari mitano, hata mmoja."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amesimama muda mrefu, na nilijua kwa jinsi alivyouhamisha uzito kwenye mguu wa kulia kwamba mgongo ulikuwa unamwambia yake. Nikawaza, sema shirikishi, mwanangu. Sema lolote lililomo kwenye faili, ukae kwenye kile kiti.

"Nimejaribu minne, mheshimiwa," akasema. "Wa amri ulifurisha maji. Wa kura nilikwenda mwenyewe. Wa uhuru metroni anaukumbuka. Wa mageuzi ndio huo umetoka bluu. Sina wa tano."

"Lazima niandike kitu. Faili haliwezi kwenda juu hivi."

"Jina lake silijui. Ninachojua ni mahali nitakapokaa. Naomba kiti kitoke kwenye kile kijumba cha vioo, kije mezani pa makoti. Chiriku atakuwa mkono wa kwanza. Wa pili nitakuwa mimi. Kukaa naweza."

"Na usimamizi?"

"Pale mezani panaonekana kila kitu. Kule kwenye vioo naona mvuke tu."

 Katibu akavua miwani, akasugua macho kwa kidole na gumba.

"Utaendelea kukaimu," akasema. "Miezi mitatu mingine. Usidhani nimeridhika. Niliwauliza wawili hapa ofisini washuke huko kwenu, na wote wawili wameanza kuumwa."

Akainama akaandika kitu kwenye mstari wa kwanza, kifupi. Kusoma maandishi yaliyogeuka juu chini nilijifunza darasa la pili, tulipokuwa watoto watano tumezunguka kitabu kimoja na mimi nakaa upande wa mbele wa dawati. Alikuwa ameandika: Wa kukaa.

Tulishuka ngazi taratibu. Mwanangu hakunishika mkono na sikumwomba. Kwenye ngazi ya mwisho akasema, "Utakasirika mpaka lini?"

"Mpaka miezi saba iishe," nikasema. "Lakini leo nitakuoshea vikombe."

Jumatatu kiti kililetwa mezani, na ule mto wake uliopasuka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, ncha mbili za shuka mikononi, mama wa pasi kashika ncha nyingine mbili. Kazi ya kukunja haihitaji vidole vinavyosikia. Unavuta, mwenzako anavuta, mnakutana katikati, mnarudi. Ifikapo saa sita mabega yanawaka moto na mtu hana hata wa kumsimulia, kwa sababu mama wa pasi husimulia yake kwanza.

Nilikuwa nawasikia kutoka pale. "Tupu," ya Chiriku. Halafu "Tupu," ya mwanangu, kwanza kwa haya, baadaye kwa kuzoea. Koti baada ya koti. Mara moja moja kitu kililia ndani ya kopo.

Sasa, asubuhi ile, wakati toroli la makoti limesimama mlangoni na hakuna mtu, nilikuwa nimepita karibu. Nilitaka tu kujua kama wa kukaa yuko macho.

Kwenye saa saba hivi Chiriku alichukua koti fulani, la daktari mrefu, mfuko wa ndani. Akapapasa. Mkono wake ukasimama. Chiriku hajawahi kupitwa na kitu tangu nimjue. Akainua macho, akanitazama kule niliko na shuka langu, kisha akalisukuma koti upande wa pili.

"Tupu," akasema.

Mwanangu akalivuta. Mfuko wa kulia, wa kushoto, wa juu. Akaingiza mkono ndani, akautoa taratibu ukiwa na kijiko chetu cha nyumbani, kile chenye mpini uliopinda. Akakitazama. Akamtazama Chiriku, ambaye tayari alikuwa anapapasa koti lingine. Mimi sikumpa nafasi ya kunitazama, nilikuwa nakunja kwa bidii ambayo haijaonekana tangu tuwe na Mwenyekiti.

Alinyoosha mgongo, polepole, mkono mmoja kiunoni. Akakitia kijiko kwenye kopo, bila kukiangusha, ili kisilie.

"Tupu," akasema, akalitupa koti mashineni.